Unga wa Madaba

Waombolezaji kutoka Madaba walifika Jumamosi asubuhi, wakamkuta marehemu anakunywa uji.

Walikuwa wawili, Sipriani na mkewe, Mama Christopher. Sipriani na huyo marehemu walikuwa watoto wa ndugu wawili. Walishuka basi pale Lizaboni, mjini Songea, wakasaidiana kuteremsha kiroba cha unga, na walipofika kwenye lango la mabati mwanamke akakaza khanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia inavyotakiwa, kwa sauti na kwa sifa. Alimlilia fundi wa milango. Alimlilia shemeji aliyemtengenezea kitanda cha harusi ambacho mpaka leo hakijalegea mguu. Sipriani alimfuata nyuma, unga begani, macho chini. Ndiyo maana walifika katikati ya uwanja kabla hawajamwona Mzee Osmund ameketi juani kwenye kigoda, bakuli mkononi, anawatazama.

"Shemeji," Mzee Osmund alisema, "umefiwa na nani?"

Kilio kilimkatikia Mama Christopher katikati. Sipriani aliutua unga chini na kusahau kuvua kofia. Notburga, dada yake Mzee Osmund, alitoka jikoni na mwiko, na nyuma yake akatoka Lidwina, binti pekee wa nyumba ile, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka Dar es Salaam na miguu bado imemvimba kwa safari ya basi. Wote walitazamana, na jogoo ndiye aliyetangulia kusema.

"Tulimwona mtani ameshavaa koti lako," Sipriani alisema hatimaye. "Tukajua basi."

Kwa watu wa huku maneno hayo yanatosha. Mtu akifa, mtani wa ukoo ndiye anayevaa nguo zake, akatembea alivyotembea, akagomba alivyogomba, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayevaa nguo za mwenzake na kuchukua mwendo wake mbele ya watu waliokaa kimya, ikiwa mwenye nguo bado anakunywa uji. Sipriani hakuwa mjinga. Aliona kitu, akakisoma jinsi baba yake alivyomfundisha kukisoma.

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye simu. Binti yake anayeishi Dar alirushiwa kipande cha video, naye akakirusha Madaba bila neno. Ukumbi mkubwa, watu wamekaa sakafuni na vichwa vimeinama. Katikati yupo mtu ndani ya koti la kijivu la Osmund, lile lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko, penseli sikioni, anaburuza mguu wa kushoto juu ya maranda ya mbao. Anaufikia mlango uliosimamishwa peke yake bila ukuta. Anaufungua, anapitisha kiganja ukingoni kutafuta panapokwaruza, anaufunga, anarudi alikotoka, anaanza tena. Sipriani alikuwa amepiga simu ya Osmund, haipatikani. Akapiga ya Lidwina, haipatikani. Mtu hachelewi msiba kwa sababu ya mtandao.

Mzee Osmund aliomba aione. Aliitazama mpaka mwisho, akaonyeshwa namna ya kuirudisha mwanzo, akaitazama tena. Uji ulipoa ukafanya ngozi juu. Lidwina alisimama mlangoni akisubiri hasira, maana hasira angejua pa kuiweka. Baba yake alimrudishia Sipriani simu kwa mikono miwili.

"Ni mimi kabisa," alisema. "Kazi nzuri."

Akainuka, akaingia chumbani, akalala na viatu.

*

Lidwina alikuwa msanii, na neno hilo lilikuwa limempa maswali mengi Songea kuliko chakula. Ukisema msanii, watu wanauliza umeimba wimbo gani. Yeye alikuwa anacheza lakini hakuwa na kikundi cha ngoma. Anashona lakini hapokei vitambaa. Anachonga kidogo, kazi aliyojifunza karakanani kwa baba yake. Na anapita kwenye nyumba za watu kurekodi milio ya bawaba, vikohozi na nyayo. Mama mmoja wa Bombambili aliwahi kumwomba awe mshereheshaji wa kumuaga bi harusi, kwa kuwa "mambo haya si ni yenu." Wale wa Dar waliomwalika walikuwa na majina marefu ya kazi yake, naye hakuyapenda hata moja.

Ukweli alikuwa anafanya kitu kimoja tu. Alikuwa anavaa watu. Alimvaa muuza dagaa wa sokoni aliyekufa kwa malaria, baada ya kukaa na wanawe na kuuliza mama yao alikuwa anawaitaje kuku, anaanza na mguu gani akishuka ngazi, akinyamaza anaweka wapi mikono. Alimvaa nesi mmoja mstaafu wa Peramiho. Alimvaa utingo wa lori la tumbaku. Alilala chali sakafuni siku nzima akisikiliza nyayo alizozirekodi mpaka mwili wake ukazishika, halafu akazifua nguo walizompa ndugu, akazivaa, akaingia uwanjani. Watu walilia. Walilia hata wasiomjua marehemu. Wote hao walikuwa wamekufa, na ndugu zao walikubali.

Baba yake alikuwa wa kwanza aliye hai. Lidwina hakumwomba ruhusa. Alimwambia anaazima koti kwa ajili ya baridi ya Makambako njiani.

Jumapili asubuhi Sipriani na mkewe walijiandaa kuondoka. Usiku wote walikuwa wamelala kwenye nyumba isiyo na msiba wala amani, na Mama Christopher hakujua amuage shemeji yake dirishani au la. Lidwina aliburuta kile kiroba mpaka langoni.

"Chukueni unga wenu, mama. Mmeusumbukia bure."

Notburga alimshika mkono. "Unga wa msiba haurudi ulikotoka. Ukirudi, unakwenda kutafuta mtu wa nyumba ile."

"Basi tutaula sisi, shangazi."

"Haupikwi bila kilio."

"Mama Christopher si alilia?"

"Alikatishwa," Notburga alisema. "Kilio hakikufika mwisho."

Mama Christopher alitikisa kichwa kukubali, kwa huzuni ya mtu aliyeharibiwa kazi yake. Kwa hiyo kiroba kilirudishwa ndani, kikaegemezwa ukutani kwenye korido nyembamba kati ya sebule na chumba cha Mzee Osmund, na tangu siku hiyo kila aliyetaka kumpelekea mgonjwa chochote alilazimika kukivuka.

*

Juni ya Songea haina mzaha. Upepo unashuka kutoka Matogoro unaingia chini ya milango, hata ile iliyotengenezwa vizuri. Miaka yote Mzee Osmund alikuwa akiishi ndani ya koti lake tangu Mei mpaka Agosti. Sasa alijikunyata chini ya blanketi, uso ukutani, na koti, lililorudi na Lidwina, linaning'inia kwenye msumari hatua moja kutoka kitandani.

"Dadi, vaa koti," Lidwina alimwambia. Nyumbani walimwita dadi, kwa Kingoni, hata majirani.

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni wewe."

"Mwenyewe kafa. Watu wamekuja na unga."

Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, jinsi mtu anavyokujulisha kuwa leo ni Jumanne. Alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akarudisha bakuli, akarudisha uso ukutani. Siku zilipita hivyo, mashavu yakaanza kuzama. Karakana nyuma ya nyumba ilibaki bila mtu, na kuku wakahamia kwenye maranda.

Mwalimu Makarius, aliyeagiza mlango wa mninga, alikuja na mkokoteni.

"Nimeona niuchukue hivyo hivyo," alimwambia Lidwina. "Kabla ndugu hawajaanza kugawana."

"Mzee yupo ndani, mwalimu."

"Ndiyo, ndiyo. Nimesikia hali yake." Alishusha sauti na kuvua kofia kuelekea dirishani. Halafu akauburuta mlango ambao haujakwisha, akaupitisha pale pale chini ya dirisha, na ubao ukakwaruza saruji mwanzo hadi mwisho. Hakuna namna ambayo Mzee Osmund asingesikia.

Wanajumuiya wa kanisani nao walikuja kusali. Mwenyekiti, mama mwenye sauti nzuri na haraka nyingi, aliomba mzee wao ajaliwe safari njema, akajirekebisha, akasema afya njema. Hakuna aliyecheka. Bombani mwanamke mmoja alimwuliza Lidwina, "Na mimi nikifa utanivaa, eti?" Wenzake wakaangua kicheko, ila mmoja alisogeza ndoo yake mbali kidogo, polepole, asionekane.

Lidwina alichota maji yake akaondoka. Hakuona aibu, na hilo ndilo lililomshangaza. Alijua pale panatakiwa aibu, na pale kwenye bakuli la uji linalorudi limejaa panatakiwa hofu, akapapasa ndani yake akakuta pamekufa ganzi. Baba yake alikuwa anakufa kwa sababu yake, taratibu, kwa adabu, mbele ya macho yake, naye alikuwa anatazama jinsi kidole gumba cha mzee kinavyokwangua ukingo wa blanketi. Mwili wake ulikuwa unakikariri. Alipogundua hivyo aliikalia mikono yake.

Zulfa, aliyeandaa onyesho la Dar, alimpigia simu. Watu bado walikuwa wanalizungumza. Walilitaka tena mwezi wa nane, ukumbi mkubwa zaidi.

"Na lile koti usilisahau, dada. Koti ndiyo kila kitu."

"Sawa," Lidwina alisema, kwa kuwa sawa ndilo neno lililokuwa jepesi mdomoni.

*

"Ingia ukaseme naye," Notburga alimwambia mwishowe. "Mimi nimeshapika uji wa kila namna. Uliyafunga wewe, yafungue wewe."

Lidwina alikivuka kiroba, akakaa sakafuni chini ya msumari wa koti. Baba yake alikuwa macho. Walikaa muda mrefu wakisikiliza cherehani ya jirani.

"Mji mzima una watu," Mzee Osmund alisema bila kugeuka. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ya mguu."

"Vilema ni wengi."

"Si kwa kilema, dadi. Nikiwa mdogo nilikuwa nakutambua kwa mguu. Ukifika kwenye kona ya kwa Mbawala nasikia unavyouburuza, najua chakula kinapakuliwa. Ndiyo mlio wa kwanza ninaoukumbuka duniani."

Mzee Osmund aliusogeza mguu chini ya blanketi. Mguu ule uliangukiwa na gogo akiwa kijana, anajifunza useremala kule misheni ya Peramiho, na hakuwahi kuulalamikia.

"Sikujua kama nauburuza hivyo," alisema.

"Mama alipokufa sikulia. Unakumbuka? Watu walisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Halafu mzee Saleh, mtani wetu, akaingia amevaa khanga za mama, akaanza kugombana na kuku. 'Nyie kuku mtanimaliza mimi.' Nikamwona mama. Nikacheka, halafu nikalia mpaka nikatapika. Tangu siku ile sijalia tena. Sijalia hata nilipoachika. Navaa watu, wengine wanalia, mimi nasubiri zamu yangu. Haifiki."

"Kwa hiyo ukanitanguliza mimi."

"Nilisema labda kwa dadi itafika. Na nilitaka iwe ungali hai. Ukifa kweli nitakuwa nimelazwa kwenye mkeka na wanawake, nimefunikwa khanga. Nitamwonaje mtani akikucheza?"

Mzee Osmund aligeuka, akamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, na Lidwina aliona jinsi macho yalivyoingia ndani.

"Na ilifika?"

"Watu wa Dar walilia. Kuna mzee mmoja walimtoa nje."

"Nakuuliza wewe."

"Sikusikia kitu, dadi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Baba yake alimtazama, si kwa hasira, zaidi kwa masikitiko ya fundi aliyeona ubao mzuri umepasuka. "Basi hasara," alisema, akarudisha uso ukutani.

*

Ndipo Lidwina alipompigia simu Saleh, Myao wa Nakapanya, mfanyabiashara wa korosho, mtani wa ukoo wao tangu enzi za babu.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mngoni hapigi simu bila shida. Sema."

Alimweleza yote. Upande wa pili alisikika mbuzi tu.

"Umemvaa akiwa hai," Saleh alisema.

"Ndiyo."

"Umeniibia kazi yangu, binti. Tena umeifanya mapema, na hata kuku hukula. Walikupa nini hao watu ulipomaliza?"

"Walipiga makofi."

"Makofi. Subhanallah. Mtani hapigiwi makofi, mtani anakombolewa. Anapewa kuku wake, au shilingi, au tusi, nguo inarudi kwa ndugu, yeye anabaki yeye. Wewe umevaa watu wangapi bila kukombolewa? Si utakuwa umejaa maiti mpaka kooni. Nakuja. Mwambieni asife kabla sijafika, nauli ni kubwa."

Alifika na kofia ya kufuma, koti la mvua na mfuko wa korosho, amezeeka kuliko Lidwina alivyomkumbuka. Hakuitikia salamu ya mtu. Alikalia kizingiti akaziba mlango.

"Marehemu yuko wapi?"

Notburga alikuwa mtu wa kanisani, lakini mtani ni mtani. "Chumbani," alisema. "Hajanuka bado."

Saleh alikipiga teke kile kiroba. "Na huu?"

"Unga. Umetoka Madaba."

"Unga bila kilio. Nyumba gani hii." Akaingia, akang'oa koti msumarini bila kuomba, akalivaa juu ya koti lake la mvua. Lilimbana. Akachomeka korosho sikioni badala ya penseli, akaanza kutembea, na mwendo wake ulikuwa mbaya kabisa. Aliburuza miguu yote miwili. Aliinama, akapiga chafya, akajikuna.

"Huyu hapa Osmund," alitangaza, "anaenda kupokea mbao za watu. Nusu anatengeneza mlango, nusu anajitengenezea kitanda, na kitanda chenyewe ndicho alichokifia. Wangoni wenzake wanafia vitani. Yeye kauawa na simu."

Blanketi halikutikisika.

"Babu yake alimkamata babu yangu porini," Saleh aliendelea, "akamwacha, akasema huyu amekonda mno. Sasa mjukuu kakonda mwenyewe. Notburga, leta futi. Nimpime jeneza, nirudi kwangu mapema."

Notburga alileta futi ya karakana. Saleh aliivuta ikalia, akaiweka begani kwa Mzee Osmund, akaipitisha juu ya blanketi mpaka kwenye goti, akasoma kwa sauti. "Futi tatu. Mngoni mfupi. Sanduku la sabuni linatosha."

Halafu, kutoka ukutani, sauti yenye kutu: "Unapima kutoka wapi?"

"Maiti haiulizi."

"Jeneza halipimwi begani. Linapimwa utosini."

"Begani kunatosha, kichwa tutakikunja."

"Na futi umeishika kinyume, mtani. Unasoma upande wa sentimita."

"Nasoma ninavyotaka. Aliyekufa ni nani hapa, wewe au mimi?"

Mzee Osmund aliketi. Alimnyang'anya futi, akajipima mwenyewe kuanzia utosini, akataja kipimo, akaongeza cha juu na chini kwa ajili ya unene wa mbao. Notburga alishika mdomo. Mzee aliuona mfuko wa korosho, akachukua moja, akaitafuna polepole, akachukua nyingine.

"Vua koti langu," alisema.

"Nguo ya marehemu ni ya mtani. Ukilitaka, ulinunue."

Walibishana mpaka jua likavuka paa. Saleh alitaka jogoo. Mzee Osmund alisema jogoo hatoki. Saleh alitaka kitanda. Mwisho walikubaliana kigoda, kile kile cha kukalia juani. Notburga alikileta, Saleh akakipokea, akalivua koti, akalikung'uta mbele ya mlango mara kadhaa ili vilivyomo vitoke, akamvisha mtani wake kwa mikono yake mwenyewe na kumfunga vifungo kimoja kimoja.

"Hili si lile," alisema. "Hili umelinunua leo kwa Saleh wa Nakapanya. Nikisikia mtu amelivaa tena, nakuja kumzika yeye." Alimtazama Lidwina aliyesimama koridoni. "Umesikia, mwizi?"

"Nimesikia, mtani."

Siku hiyo Mzee Osmund alikula ugali na maharage, akamaliza. Notburga aliimba akiosha vyombo. Lidwina alimwandikia Zulfa kwamba koti limepata mwenyewe na mwezi wa nane asimtegemee, akazima simu. Alingoja furaha ije. Alijua ipo mahali, aliiona kwenye uso wa shangazi yake.

*

Asubuhi yake Mzee Osmund alimsindikiza mtani wake stendi. Walitoka wakitukanana, koti na kofia ya kufuma bega kwa bega, kigoda kwapani kwa Saleh.

Lidwina alikaa uwanjani akachambua maharage. Kwa kweli hakuwa anachambua. Alikuwa anasubiri kwa masikio, alivyokuwa akisubiri zamani, uso ameuelekeza kwenye kona ya kwa Mbawala. Pikipiki zilipita. Mwanamke mmoja alipita anauza vitumbua. Jirani akaanza cherehani yake, akaiacha. Lidwina alingoja ule mlio, na alikuwa bado anaungoja pale lango la mabati lilipofunguliwa na baba yake akasimama mbele yake.

Hakuwa amesikia kitu.

Mzee Osmund alivuka uwanja kwenda karakana. Alikuwa anautazama mguu wake wa kushoto. Aliunyanyua juu, akausogeza mbele, akauweka chini bila kishindo, akatulia kidogo, ndipo akaleta wa pili. Kila hatua aliivuka kama anavuka kile kiroba. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na baridi ile.

"Dadi," Lidwina alisema. "Mguu umefanyaje?"

"Mguu mzima."

"Huuburuzi."

"Ah." Alishika fremu ya mlango wa karakana apumzike. "Nilikuwa sijui. Miaka yote nilidhani natembea tu, mtu wa kawaida, natembea. Sasa nimejiona. Kumbe ndivyo watu wanavyonitazama." Alisema bila lawama, alivyosema yote. "Sasa naunyanyua. Nitauzoea."

"Usiuzoee."

"Utazoeleka."

Akaingia ndani, na Lidwina akasikiliza. Alisikia kuku wakifukuzwa. Alisikia randa ikichukuliwa rafuni. Nyayo hazikuwepo. Ule mlio ulikuwa kwenye simu za watu wasiomjua, na kwenye nyonga ya Lidwina mwenyewe, na kwingine popote haukuwepo, na aliyeutoa mahali pake ni yeye.

Sinia la maharage lilimponyoka, na sauti iliyomtoka hakuitambua kuwa ni yake, ilikuwa kubwa na mbaya, ya mwanamke aliyefika langoni kwa watu na mikono kichwani. Notburga alitoka jikoni mbio, akasimama. Majirani wawili walichungulia juu ya ukuta. Lidwina aliona aibu, akaogopa, akasikia uchungu, vyote kwa pamoja, na hakuweza kunyamaza.

Mzee Osmund alitoka karakana na randa mkononi, akavuka uwanja kwa zile hatua zake mpya, akasimama juu yake.

"Unamlilia nani?"

"Wewe, dadi."

"Mimi nipo."

"Najua."

Aliyatazama maharage yaliyotapakaa, akawatazama majirani ukutani, akalivuta koti vizuri mabegani. Halafu akajishusha taratibu, akakaa chini kwenye vumbi karibu na binti yake, maana kigoda kilikuwa kimekwenda Nakapanya.

"Lia mpaka mwisho," alisema. Kisha akageukia jikoni. "Notburga, bandika maji. Unga si tunao."